Wiki mbili pwani kwa gari la kulala: twende upande gani, na lini?

Swali: Mimi na mume wangu ni walimu wastaafu, tunaishi Tudor, Mombasa. Tumenunua matatu kuukuu, tukaitoa viti na kuitia kitanda, jiko dogo la gesi na tangi la maji, na sasa tunataka kutembea nayo pwani kwa wiki mbili. Haja yetu ni kuona wanyama na ndege, kuona maua ya mwituni ambayo mimi hupenda kuyachora, na kujuana na watu, kwa kuwa tangu tustaafu nyumba imekuwa kimya. Mmoja anatuambia twende kaskazini hadi Lamu, mwingine kusini hadi Vanga. Twende upande gani, msimu gani, tulale wapi, na je, tunaweza kumchukua mjukuu wetu wa miaka tisa?

Jibu: Mwalimu, shikamoo, na salamu zangu zimfikie mzee. Kazi yangu tangu ujana ni kuongoza wageni katika misitu na fuo za pwani hii, na nimelifurahia swali lako kwa sababu umetaja haja tatu ambazo watu wengi huzitafuta mbalimbali, ilhali hapa kwetu mtu asiye na haraka huzipata zote mahali pamoja. Kwa ufupi, ushauri wangu ni kwamba msiende Lamu wala Vanga. Chagueni vituo vinne tu, viwili kusini na viwili kaskazini, mkae katika kila kimoja siku za kutosha hata wenyeji wawazoee, na muondoke Mombasa katikati ya Novemba ili mrudi kabla wageni wa Krismasi hawajazijaza fuo.

Nianze na msimu, maana ndio unaoamua mtakachokiona. Kusi huvuma takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, na mwanzo wake huja na masika, bahari iliyochafuka na njia za udongo ambazo gari zito kama lenu litakwama. Kaskazi huingia mwishoni mwa mwaka na kudumu hadi Machi, na ndiyo inayoituliza bahari na kuyafanya maji ya miambani kuwa maangavu. Kati ya pepo hizo mbili hunyesha vuli, na kwa mtu anayechora maua hakuna wakati unaoyashinda majuma yanayofuata mvua zake za kwanza, kwa kuwa mizizi iliyolala ardhini wakati wa kiangazi huamka karibu kwa pamoja. Wakati huohuo ndege wahamao kutoka Ulaya na Asia wanakuwa wamekwisha kutua katika hori, yaani mikono ya bahari iingiayo nchi kavu, na midomo ya mito yetu. Mtakachokosa ni nyangumi nundu, ambao hupanda kutoka bahari za Antaktika kuja kuzaa katika maji yetu ya joto, na huonekana zaidi kati ya Julai na Septemba. Ikiwa roho yenu iko kwa nyangumi, nendeni Agosti na mkubali maua machache. Mimi ningechagua Novemba bila kusita. Hata hivyo, vuli si ya kuaminiwa moja kwa moja: ile ya mwaka 2023 ilileta mafuriko makubwa pwani, kwa hiyo sikilizeni utabiri wa hali ya hewa na muwe tayari kuahirisha safari kwa wiki moja.

Kituo cha kwanza kiwe Shimba Hills, juu ya mji wa Kwale. Ni karibu na nyumbani, na gari jipya la kulala halikosi kasoro katika usiku wake wa kwanza, basi ni vyema kasoro hizo zijitokeze mahali ambapo fundi wa Mombasa yuko umbali wa saa moja au mbili. Mkitaka kuikwepa foleni ya feri ya Likoni, piteni barabara ya Dongo Kundu. Hifadhi hii ilitangazwa mwaka 1968, na ndiyo mahali pekee nchini Kenya ambapo palahala bado wanaishi porini. Dume lake ni jeusi lenye tumbo jeupe na pembe zilizopinda nyuma, na jike lake ni la hudhurungi iliyoiva. Watafuteni asubuhi na mapema kwenye mbuga za nyasi, kabla ukungu wa vilimani haujaondoka, na msishuke garini, kwa kuwa ndovu nao ni wengi na nyasi huwaficha kuliko mtu anavyodhani. Kupiga kambi ndani kunaruhusiwa katika sehemu zilizotengwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Ada hulipwa kwa mtandao na langoni hawapokei pesa taslimu, kwa hiyo malizeni malipo mkiwa bado nyumbani.

Maua ya Shimba ndiyo yatakayokushika, Mwalimu. Mvua ikishanyesha, Scadoxus huchomoza ardhini kwa shina nene lenye kichwa cha mviringo cha maua mekundu yasiyohesabika, mara nyingi kabla majani yake hayajakua. Kando ya vichaka utaona Gloriosa, mmea unaopanda kwa kujishikilia kwa ncha za majani yake, ambao petali zake nyekundu na njano zimepinda kuelekea juu kama ndimi za moto. Uchoreni mtakavyo, lakini mtoto asiuguse mzizi wake, maana una sumu inayoua. Juu ya matawi ya miti mikubwa kuna okidi, na ile iitwayo Ansellia, yenye maua ya manjano yaliyotiwa madoa ya kahawia, ndiyo inayoibwa zaidi na wauzaji wa mimea. Ndani ya misitu ya pwani pia umo mkilua, kichaka cha maua madogo ambayo mama zetu wameyavaa kwa harufu yake tangu zamani. Wataalamu walipoutambua mmea huo rasmi, waliuita Mkilua fragrans. Hakuna sababu ya kuchuma hata ua moja. Keti chini, chora, na uandike siku, mahali na aina ya udongo pembeni mwa karatasi; mchoro wenye maelezo hayo una faida kwa msomi wa mimea hata baada ya miaka mingi.

Siku ya kuteremka kutoka Kwale kwenda Shimoni, Diani nawaomba mpite polepole. Mbega weusi kwa weupe wa misitu ya Diani wamekuwa wakigongwa na magari miaka mingi, na ndiyo maana mtaona ngazi za kamba zilizotandazwa juu ya barabara ili wavuke bila kushuka. Msimpe chakula mbega wala tumbili wala nyani, kwa maana nyani aliyezoea mkate wa wageni hufungua mlango wa gari kama mwenye nyumba, na mwisho wake huwa ni kuuawa. Mbele kidogo ni Kaya Kinondo, mojawapo ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda. Kadhaa ya misitu hiyo iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Huingii pasi na mwenyeji, utavishwa kitambaa cheusi kiunoni, na hutoki na jani wala jiwe. Baada ya hapo simameni Gazi, kijiji ambacho akina mama wamejenga njia ya mbao ndani ya mikoko, na ambacho kwa mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013, huuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na mikoko hiyo, na fedha zake husaidia maji na shule za kijiji. Ombeni mwonyeshwe mkoko, mchu, muia, mkandaa na mlilana, kila mmoja na ua lake. La mlilana hufunguka usiku kwa ajili ya popo na nondo, na asubuhi utakuta nyuzi zake nyeupe zimetapakaa juu ya matope.

Shimoni ni kituo cha pili, na hapo gari linabaki nchi kavu. Tafuteni ua wa nyumba ya wageni au eneo la kambi lenye mlinzi, kisha mvuke kwa mashua hadi kisiwa cha Wasini na hifadhi ya bahari ya Kisite. Pomboo wapo mwaka mzima, lakini nahodha mwema ni yule anayezima mashine na kusubiri wamjie, si yule anayewafukuza kwa kasi ili wageni wapate picha. Mwambieni hivyo kabla ya kulipa. Wasini pana bustani ya matumbawe ya kale yaliyoinuka juu ya maji, na njia ya mbao inayoendeshwa na kikundi cha wanawake wa kisiwani. Laleni Shimoni usiku wa tatu hata kama mnadhani mmekwisha kuona yote, kwa sababu nitakayoieleza mbele.

Mkirudi kupitia Mombasa mnaweza kufua nguo na kujaza tangi, halafu mshike njia ya kaskazini, ambako nataka mtumie nusu nzima ya safari katika kituo cha tatu, eneo moja dogo: Mida, Gede, Watamu na msitu wa Arabuko-Sokoke. Sijui mahali pengine katika pwani ya Afrika Mashariki ambapo msitu, hori, miamba ya bahari na mji wa kale vinakaribiana kiasi hiki. Arabuko-Sokoke una takriban kilomita za mraba 420, na ndio msitu mkubwa zaidi uliosalia wa aina yake katika pwani hii. Ukitembea humo na mwongozaji kwa saa tatu utapita katika misitu mitatu tofauti: mchanganyiko wa miti mirefu kwanza, halafu miti ya mrihi juu ya mchanga mweupe, halafu vichaka vizito vya Cynometra juu ya udongo mwekundu, ambamo ndimo anamoishi bundi mdogo wa Sokoke, mwenye urefu wa takriban sentimita 16 tu. Kwenye majani makavu sikilizeni mchakacho wa sange mwenye kiuno cha dhahabu, mnyama mwenye pua ndefu kama mkonga mdogo, ambaye karibu wote waliobaki duniani wamo katika msitu huu. Kuna pia kwera wa Clarke, ndege asiyepatikana kokote nje ya Kaunti ya Kilifi. Msiingie bila mwongozaji wa msitu. Ndovu wamo humo pia, na isitoshe mwongozaji mzuri ni mtoto wa kijiji cha jirani anayemjua bundi wake alipolala jana.

Hori ya Mida huendeshwa na maji, wala si kwa saa ya mkononi. Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kila siku ikichelewa kwa takriban dakika 50, na wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya maji hupita mita 3. Maji yakiwa yamekupwa kabisa, ndege hutawanyika mbali kwenye matope na utaona vitone tu. Fikeni kiasi cha saa mbili kabla ya maji kujaa, mkae kimya, na maji yenyewe yatawasogeza hadi karibu nanyi: sululu wenye midomo iliyopinda, viparia wadogo wa aina nyingi, na yule ndege mkubwa mweusi kwa mweupe mla kaa, ambaye huchimba shimo mchangani ili atage, tena huko mbali katika pwani za Uarabuni na Pembe ya Afrika, kisha akaja kwetu na mtoto wake ambaye bado anaomba kulishwa. Jioni keremkerem wekundu huja makundi kwa makundi kulala kwenye mikoko. Daraja la mbao la Mida lilijengwa ili ada za wageni zisaidie karo za wanafunzi wa sekondari kutoka familia zinazopakana na msitu na hori. Nyinyi mliofundisha mtajua uzito wa jambo hilo.

Gede ni mji wa Waswahili uliohamwa katika karne ya 17 na kuingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2024, na kima wake huruka juu ya kuta za msikiti bila kuogopa. Kando yake kuna mradi wa Kipepeo, ambao tangu mwaka 1993 umewawezesha wakulima wa kando ya msitu kufuga viwavi vya vipepeo na kuuza mabundo yao, yaani viwavi vilivyojifunga ndani ya ganda kabla ya kuwa vipepeo, ng'ambo, hivyo msitu ukawa na thamani ukiwa umesimama. Watamu nendeni miambani siku ya maji mafu, bahari isipojaa wala kupwa sana. Mkilala karibu na ufuo, zimeni taa zote zinazotazama bahari, kwa kuwa vifaranga vya kasa huelekea penye mwangaza zaidi, na taa ya gari huwapoteza.

Kuna ua moja la Kilifi ambalo sitaki ulikose, walau kwa kulijua. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani aliyeitwa Walter von Saint Paul-Illaire alikusanya katika eneo la Usambara mmea mdogo wenye maua ya zambarau, ukapewa jina la Saintpaulia, na leo uzao wake unauzwa ndani ya vyungu katika nyumba za dunia nzima. Ndugu yake wa porini anamea kwenye miamba ya chokaa iliyofunikwa na misitu huku kwetu Kilifi, miamba ileile inayohitajiwa na wachimbaji mawe. Hamwezi kumwendea wenyewe, wala singependa mtu amwendee peke yake. Waulizeni wazee wa kaya, na wakikataa, heshimuni.

Kituo cha nne, Malindi na Mambrui, kitoshe kwa siku mbili. Mdomo wa mto Sabaki, kaskazini kidogo mwa Malindi, una viboko, na mara nyingi heroe, ndege ambao wengi siku hizi huwaita flamingo. Hapo ndipo mgeuze gari mrudi. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, barabara ya kutoka Garsen hadi Lamu imekuwa ikihitaji ulinzi na tahadhari kwa vipindi, na gari la kulala si chombo cha kukipitia kipande hicho. Lamu iwe safari yake peke yake, kwa ndege.

Sasa nije kwa watu, jambo ambalo nadhani ndilo lililokufanya uandike. Urafiki haupatikani kwa kupita. Siku ya kwanza wewe ni mgeni, siku ya pili unasalimiwa kwa udadisi, na siku ya tatu mtu hukuuliza habari za jana. Ndiyo maana nimesisitiza usiku ule wa tatu Shimoni. Mkifika kijijini, kabla ya kuegesha gari, mzee aende kumwona mzee wa mtaa au kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo, BMU, ajitambulishe, aseme mnakotoka na siku mtakazokaa. Asubuhi shukeni dikoni wakati mashua zinaporudi, mnunue samaki wachache kutoka kwa mama karanga, mwanamke anayekaanga na kuuza samaki, badala ya kubishana bei na wavuvi, na mkimaliza msiondoke mara moja. Kama mzee anacheza bao, atakuwa na marafiki kabla ya adhuhuri. Wakikukaribisha mahamri na mbaazi, usikatae kwa adabu ya mjini; kula, kisha kesho yake upeleke sukari na majani ya chai bila kutangaza.

Na wewe, Mwalimu, una kitu ambacho wageni wengi hawana. Mtu mwenye kamera huondoka na sura za watu, lakini anayechora hukaa, na watu humjia wenyewe. Nimeona mara nyingi jinsi akina mama wa makamo, ambao hawangesema neno mbele ya kamera, wanavyoinama juu ya mchoro wa jani na kuanza kubishana kuhusu jina lake na dawa yake. Waulize jina la kila ua kwa Kidigo ukiwa kusini na kwa Kigiriama ukiwa kaskazini, uandike pamoja na jina la kijiji, na umwombe mwenye kukueleza ruhusa ya kuandika jina lake. Kabla ya kuondoka, acha nakala ya michoro katika shule ya hapo. Mwaka ujao mkirudi, mtapokewa na watu wanaowajua.

Kuhusu kulala, msiegeshe kamwe kwenye ufuo wazi au kando ya barabara kuu, hata kama pamependeza. Kambi za KWS, nyua za nyumba ndogo za wageni na viwanja vya miradi ya jamii niliyoitaja vinatosha, na hapo mtakutana pia na wasafiri wengine wa aina yenu. Msiendeshe baada ya magharibi, kwa sababu ya bodaboda zisizo na taa na malori yaliyoharibika barabarani. Fungeni mtungi wa gesi kila mnapoanza safari, tundikeni chandarua, osheni chumvi ya bahari chini ya gari, na hakikisheni kwamba kugeuzwa kwa matatu hiyo kuwa gari la kulala kumekubaliwa na wakaguzi na kuandikwa kwenye bima.

Mjukuu mchukueni, Novemba na Desemba shule zimefungwa, na Gede na Mida vitamfaa kuliko vyote. Mpeni darubini yake mwenyewe na daftari lake. Matembezi ya kumtafuta bundi ni marefu kwa miaka yake, basi mmoja wenu abaki naye kwenye Kipepeo siku hiyo. Kama mna mbwa, aachwe nyumbani, maana hifadhini haruhusiwi. Na siku ya kuvuka kwenda Wasini, mtoto avae jaketi la kuokolea maisha linalomtosha yeye, si la mtu mzima lililokazwa kwa kamba. Nahodha akisema hana la mtoto, tafuteni nahodha mwingine.